Mafuta ya Mkemia

Watu wa mji wetu walikuwa na maneno mawili juu ya Dayakant Karn. La kwanza, kwamba hanunuliki. La pili, kwamba hana adabu. Yote mawili yalitokana na jambo moja: hakuwa akila wala kunywa chochote kwa mtu anayeuza chakula. Ukimwalika harusini anakuja, anakaa, anawaombea maharusi heri, kisha anafungua kikopo chake cha bati na kutafuna bisi za mchele alizotoka nazo kwake, zimenyunyiziwa mafuta ya haradali ya kwake mwenyewe. Mbele ya wakwe za watu! Aibu nilikuwa naiona mimi niliyekaa pembeni yake.

Mimi ni Bisesar Paswan. Kwa miaka kumi na minne niliosha vyombo vya kioo katika maabara ya chakula ya wilaya, chumba kimoja chenye dari inayovuja nyuma ya ghala la zamani la nafaka. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji. Mji mzima ulimwita Mkemia, na kwa kuwa sikubanduka ubavuni mwake, mimi nikaitwa Mkia wa Mkemia. Sikukasirika. Mkia una faida zake, ng'ombe akilala nao unapumzika.

Kazi yetu ilikuwa mafuta zaidi kuliko kitu kingine. Maziwa yalikuja, manjano yalikuja, lakini kwetu chakula bila mafuta ya haradali si chakula, kwa hiyo wezi wa mji wote walikuwa wamehamia kwenye mafuta. Wapo waliochanganya mawese. Wapo waliokusanya mafuta meusi kutoka kwa wakaanga sambusa, wakayachuja kwa kitambaa, wakayatia rangi na harufu na kuyauza tena kama mapya. Mkemia aliyajua yote hayo kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Aliyainua kwenye mwanga, akayanusa, akayatia dawa, akayachemsha, akaandika. Hakusema neno mpaka afanye kipimo cha pili. "Kipimo kimoja ni umbea," alizoea kusema. "Viwili ndiyo ushahidi."

Makhanlal wa duka la sokoni tulimpeleka mahakamani mara mbili kwa mawese. Kila nikipita dukani kwake alinipigia kelele, "Ewe Mkia! Mwambie bwana wako leo nimechanganya na machozi yangu, aje apime!" Nami nilikuwa nanunua kwake hivyo hivyo, kwani ningekwenda wapi? Mshahara wa mwosha chupa haumpeleki mtu mbali.

Mafuta ya Mkemia yalitoka Belahi, kijijini kwao. Kila mwezi Ramotar Sah alikuja nayo mjini kwa baiskeli, bati zimefungwa kamba nyuma. Ramotar alikuwa na kinu cha mafuta cha baba zake, kile cha ng'ombe anayezunguka amefungwa macho. Yeye na Mkemia walikua pamoja, wakipanda wote wawili juu ya mti wa kinu na kuzungushwa mchana kutwa. Baba yake Mkemia alipofariki na ada ya shule ikakosekana, mama yake Ramotar ndiye aliyekuwa akimtilia mafuta katika taa yake ndogo ya udongo kila jioni ili asome. "Kemia yangu yote imetoka kwenye kinu kile," Mkemia aliniambia siku moja, na macho yakamlowa, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipozika watoto wawili.

Nami mjinga nikamuuliza, "Sasa mzee, haya ya Ramotar tunayapima lini?"

Alinigeukia kama nimemtemea mate. "Wewe maziwa ya mama yako uliyapima?"

Basi, nikarudi kwenye chupa zangu. Na hapo nataka nijilaumu kidogo, kwa sababu swali nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Watu wakisikia kwamba mpimaji mwenyewe ana mafuta yake, unadhani watafanya nini? Mwalimu wa hesabu akaomba bati moja. Karani wa posta naye. Mke wa mkaguzi wa shule akatuma mtu. Ikafika nyumba kumi na moja, zote za watu wa heshima, waliosoma, wasiokubali kudanganywa. Yakaitwa mafuta ya Mkemia. Ramotar alitabasamu mpaka fizi zikaonekana, na Mkemia, ingawa hakusema, alipenda. Najua alipenda, maana alikuwa akipita makusudi barabara ya posta ili wamshukuru.

Mwaka ule binti yake, Kumkum, alirudi kwa wazazi kujifungua. Ndiye mtoto aliyebaki. Alikuwa mcheshi, tena mwenye ulimi: alikuwa akiniita "Mjomba Chupa", na kila nikipeleka faili nyumbani kwao alinisemesha kutoka dirishani, maana mimi Mdusadhi, mtu wa tabaka la chini, niliishia barazani. Miaka kumi na minne barazani. Chai nilipewa katika kikombe changu, kilichokuwa juu ya ukuta peke yake. Sisemi kwa uchungu, nasema jinsi ilivyokuwa.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mweusi mzuri, na siku ya sita wakaanza kumchua yeye na mama yake, kama desturi. Sunaina, mkewe Mkemia, alichemsha vitunguu saumu na mbegu za uwatu ndani ya mafuta ya Belahi, na mchuaji, bibi mmoja anaitwa Dhanmati, akaja asubuhi na jioni. Mzazi kwetu anachuliwa kuanzia unyayo mpaka utosi, na anakula viazi vya kuponda vilivyomiminiwa mafuta mabichi ili apate nguvu. Mafuta ndiyo dawa na ndiyo mboga.

Wiki ya tatu miguu ya Kumkum ikavimba.

Kwanza walicheka. "Ameshiba," alisema Dhanmati. Kisha uvimbe ukapanda magotini, ngozi ikawa nyekundu, inawaka, na ukibonyeza kidole shimo linabaki. Akaanza kuharisha. Akawa halali chali kwa kukosa pumzi. Daktari akasema damu imepungua, na moyo umechoka kwa uzazi, hutokea, akampa vidonge. Vidonge havikufanya kitu.

Wiki hiyo hiyo tukasikia mwalimu wa hesabu amevimba. Mke wa karani wa posta amevimba, na mama mkwe wake. Mkaguzi wa shule alikuwa hawezi kuvaa viatu. Mji ukaingiwa na hofu. Mkemia aliposikia dalili hizo zote pamoja alikaa kwenye kiti chake, akafungua kitabu kimoja kinene kilicholiwa na mchwa, akanionyesha ukurasa ambao mimi siwezi kuusoma.

"Hii ni mbaruti, Bisesar."

Mbaruti naijua, nani asiyeijua? Ule mmea wa miiba, wenye maua ya njano na utomvu wa njano, unaoota kwenye mchanga unaoachwa na mto Kamla ukishuka. Hata mbuzi hauli. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo, zikichanganyika na haradali huzioni. Ukizikamua pamoja umepata sumu, na sumu hiyo inaingia kwa kula na kwa kupaka.

"Basi kuna mshenzi anaziuza," nikasema.

"Tutampata," akasema Mkemia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama.

Tukachukua mafuta ya kila duka, kila mkaanga sambusa, kila kinu cha mashine. Siku nne hakulala. Chupa zilijaa mpaka sakafuni na vidole vyangu vilichubuka kwa kuosha. Kipimo ni rahisi: mafuta kidogo katika tyubu ya kioo, asidi kali kiasi hicho hicho, unatikisa, unangoja asidi itulie chini. Ikiwa nyekundu, kuna mbaruti. Tuliona njano, tuliona kahawia hafifu. Nyekundu hatukuiona. Mawese tulikuta, mafuta ya sambusa tulikuta, uchafu wa kila namna. Mbaruti hakuna.

Kila asubuhi kabla ya kuja kazini alitoa amri nyumbani kwake. Nilikuwa namsikia nikiwa barazani. "Kitu cha dukani kisiingie humu. Hata peremende. Mpe viazi kwa mafuta yetu, mengi. Na achuliwe mara tatu, siyo mbili. Uvimbe unataka kuchuliwa."

"Baba Kumkum, mtoto amechoka," Sunaina alisema siku ya nne.

"Mara tatu, nimesema! Unataka nikae tu nimwangalie?"

Siku ya tano watu walikusanyika mbele ya duka la Makhanlal na marungu. Makhanlal alitokea mlango wa nyuma, akakimbilia kwetu maabara bila kiatu kimoja, akaanguka miguuni kwa Mkemia.

"Mawese nimechanganya, naapa kwa mto Ganga, nimechanganya na kesho nitachanganya! Lakini mbaruti sikutia, Mkemia. Mke wangu anapikia hayo hayo. Wanangu wanapakwa hayo hayo. Njoo uwatazame miguu!"

Mkemia alimpatia karatasi yenye mhuri: mbaruti haikuonekana. Akatoka mwenyewe akawasomea watu. Unajua walichomwambia? Kwamba amekula rushwa. Yeye! Kaka wa mwalimu wa hesabu alirusha tofali likavunja dirisha letu. "Binti yako anakufa na wewe unamlinda mwuaji!" alipiga kelele.  Mkemia aliingia ndani akaanza kuokota vioo kwa mikono.

Nilitaka kumchangamsha, ndivyo nilivyo, nikiona huzuni ulimi unaniwasha. Ilikuwa saa saba mchana, mvua inanyesha, tumekaa na vikopo vyetu vya chakula. Nikakunja suruali nikamwonyesha miguu yangu iliyokauka.

"Tazama, mzee. Mimi nakula uchafu wa Makhanlal mwaka mzima, na miguu yangu ni fimbo za kuchungia. Nadhani mawese ndiyo dawa. Hawa wakubwa wanavimba kwa kula vizuri."

Hakucheka. Alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kikoponi.

"Rudia."

"Nilikuwa natania tu, mzee, usi—"

"Nani wamevimba? Wataje."

Nikawataja. Mwalimu wa hesabu. Nyumba ya karani wa posta. Mkaguzi. Fundi saa. Nilipofika kwenye jina la saba nikaanza kuziona bati zile za Belahi zikishushwa kwenye baiskeli, nyumba baada ya nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini hawakusema unafanyaje ukikiona.

Katika kikopo chake cha chakula kulikuwa na kichupa kidogo cha mafuta ya kumiminia bisi. Akakifungua.  Akamimina kwenye tyubu, akatia asidi, akatikisa, akaiweka kwenye kishikio mbele ya dirisha lililovunjika. Asidi ikashuka. Ikawa rangi ya chungwa. Kisha ikawa nyekundu, nyekundu ya damu ya kuku, ikakaa hivyo.

Nilingoja aseme habari ya kipimo cha pili. Miaka kumi na minne nilikuwa nimengoja kipimo cha pili.

"Kimbia," akasema. "Wanapasha moto mafuta ya mchana sasa hivi. Wasimguse, Bisesar. Kimbia."

Alikuwa anavua viatu anifuate, navyo vilimbana kwenye miguu ambayo nayo ilikuwa imeanza kuvimba. Nikamwacha hapo.

Barabara ilikuwa mto. Niliendesha baiskeli mpaka maji yakafika kwenye kanyagio, nikaitupa, nikaenda kwa miguu huku naomba kila mungu ninayemjua jina. Nilifika barazani pale pale nilipoishia siku zote, na miguu yangu, Mungu anisamehe, ikasimama. Kwa mazoea tu. Nikapiga hodi kama mjinga! Hodi! Huku nasikia ndani Dhanmati akiimba ule wimbo wake wa kuchua.

Nikaingia. Nikapita mlango, nikapita jikoni kwao, nikatokea uani ambako mwanamume asiye wa nyumba haingii, sembuse mimi. Kumkum alikuwa ameegemezwa kwenye mto, miguu mitupu inang'aa kwa mafuta mpaka mapajani. Mtoto yuko kifuani kwa bibi yake, naye anang'aa.

"Wee Bisesar! Umerukwa na akili?" Sunaina alivuta kanga kumfunika mwanawe. "Toka!"

"Mafuta!" Sikuwa na pumzi. "Mama, acheni mafuta! Ni sumu!"

"Mafuta gani? Haya ni yetu. Ya Belahi!"

"Ndiyo hayo!"

Dhanmati hakuacha, mikono yake ilikuwa inaendelea kupanda na kushuka kwenye ule mguu, kama haijasikia. Nikalipiga teke bakuli la mafuta, likaruka, likamwagika mpaka kwenye tulsi, mrehani wao mtakatifu. Hapo ndipo mikono ya Dhanmati ikasimama.

"Mjomba Chupa," Kumkum akasema, kwa sauti ya chini, maneno yakikatika kila pumzi. "Leo umeingia ndani."

"Nimeingia, mwanangu."

Tulikuwa tunamwosha kwa sabuni na maji ya moto, mimi nachota, wao wanaosha, Mkemia alipofika. Alikuwa ametembea kwenye maji bila viatu. Alisimama mlangoni kwake kama mgeni. Sunaina alimtazama, akaendelea kuosha. Ni Kumkum aliyeuliza.

"Baba, ni kweli ni ya kwetu?"

Angeweza kusema bado hana hakika. Kipimo kimoja ni umbea.

"Ni ya kwetu," akasema. "Nimekuletea mwenyewe."

Kumkum akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la jambo dogo. Kisha akamnyooshea mkono, na baba yake akauchukua, akauweka kwenye paji lake la uso, na hapo mzee yule akalia kwa sauti ambayo bado naisikia.

Tulimpeleka hospitali juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne, mimi nikiwa mmoja wao. Usiku ule ule nilizipitia nyumba nyingine kuwaonya, lakini nani humwamini mwosha chupa? Daktari sasa alijua ni nini, lakini moyo ulikuwa umejaa maji. Kumkum alifariki siku ya tatu asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu. Wagonjwa wengine wawili walimfuata. Waliobaki walipona polepole, kwa sababu Mkemia alikwenda nyumba zote, siku ile ile aliyotoka kuuchoma mwili wa binti yake, kichwa kimenyolewa kama afanyavyo mfiwa, akagonga kila mlango na kusema, "Nipeni mafuta niliyokuleteeni. Yana sumu. Nilikuwa sijayapima." Mwalimu wa hesabu alimrushia bati kifuani. Aliliokota akashukuru.

Nyumba ya msiba kwetu haili mafuta siku kumi na tatu. Siku ya kumi na mbili Ramotar akaja na bati mpya, kwa ajili ya karamu ya kumaliza msiba. Hakuwa amesikia chanzo, alisikia kifo tu. Alikuwa akilia njia nzima, na alikuja polepole sana, akiisukuma baiskeli.

Mkemia alimwomba mbegu. Ramotar alikuwa nazo kidogo kwenye fundo la shuka. Mkemia akazimwaga juu ya karatasi nyeupe, akampa kioo cha kukuzia.

"Hizi laini ni haradali. Hizi zenye mikwaruzo?"

Ramotar alitazama muda mrefu. "Wanangu wote wako Punjab kwenye vibarua," akasema mwishowe. "Mwaka huu mto uliacha mchanga shambani kote. Nilipepeta peke yangu, ndugu yangu. Macho hayaoni tena." Kisha akasema, karibu kwa hasira, "Lakini mimi mwenyewe nayala haya haya!" Akapandisha shuka yake. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka magotini, myekundu, inang'aa. Alidhani ni uzee.

Mimi nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilikuwa nimeshainuka. Mkemia alipiga magoti, akaibonyeza ile miguu kwa kidole, akatazama shimo linalobaki. "Kaa chini," akamwambia. "Bisesar, leta maji ya moto na sabuni."

Taarifa aliiandika mwenyewe. Mahali pa jina la mkamuaji aliandika Ramotar Sah. Mahali pa jina la msambazaji aliandika Dayakant Karn, na aliponiona nimemkodolea macho akaniambia, "Watu hawakununua kwa Ramotar. Walinunua kwangu." Hakimu aliwatoza faini wote wawili. Makhanlal alikuwepo mahakamani, mstari wa mbele. Nilimsubiri aseme, mganga hajigangi au chochote cha namna hiyo, nimvunje meno. Badala yake aliinuka akampisha Mkemia njia.

Sasa mjukuu anaishi nao. Ngozi yake ilipona. Desturi inataka mtoto achuliwe mpaka atembee, la sivyo mifupa inakuwa dhaifu, na Dhanmati hakukanyaga tena nyumba ile. Siku moja nilikwenda na faili, na sasa naingia mpaka uani, hakuna anayeniuliza. Mkemia alikuwa ameketi juani, mtoto yuko mapajani mwake, chupa ya mafuta iko pembeni. Nilikuwa nimemwona akiyapima mafuta hayo wiki nzima. Asidi, kisha dawa ya pili, kisha hadubini. Mara kumi na mbili.

"Umepima?" Sunaina aliuliza kutoka jikoni.

"Nimepima."

"Ni safi?"

"Ni safi."

Mkemia akamimina kidogo kiganjani. Akakitazama kile kiganja. Kisha akajifuta kwenye shuka yake, kidole kimoja kimoja, akakishika kile kimguu, akaanza kumchua mtoto kwa mikono mikavu.